Mwaka Salehe Alipotafuta Friwili

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima. Akanipa shikamoo, akauliza kama anaongea na Bi Zuhura aliyewahi kukaa Kariakoo upande wa Msimbazi. Nikamwambia ndiye mimi. Akasema anaitwa Rehema, anapiga kutoka Tabora, baba yake mzee Salehe amefariki na wamekwisha kumzika. "Mama, kabla hajafa alitutajia watu watatu tuwaombe radhi kwa niaba yake. Wawili tumewapata. Wewe ndiye wa tatu." Nikamwambia nimemsamehe, duniani na akhera, kama inavyotakiwa kusemwa. Akashukuru, akalia kidogo, tukaagana. Sijui kama aliwahi kuambiwa kwamba mimi nilikuwa mke wa baba yake kabla mama yake hajajulikana. Hakuuliza, nami sikumwambia. Eda hainihusu, kwa sababu kadhi aliivunja ndoa ile baada ya miaka minne ya kumsubiri mtu asiyeandika hata barua. Basi nikarudi jikoni kumenya viazi, na katikati ya viazi hasira zikanipanda. Mtu amekaa zaidi ya miaka thelathini bila kunitafuta, halafu anaondoka akiwa wa kwanza kuomba radhi, wakati mwenye kustahili kuiomba ni mimi. Sasa nitamwomba nani? Tangu siku ile nimekuwa nikiukumbuka mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, chumba kwa chumba na chungu kwa chungu, na nimeona heri niuandike kuliko kuzunguka nao kichwani.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja katika nyumba ya Bi Mwanahawa, nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati na ua nyuma. Bi Mwanahawa alikuwa mtu wa pwani hasa, nyumba aliirithi kwa mama yake, na alijisifu kwamba hajawahi kulala nje ya Kariakoo ila siku za kujifungua. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho kushoto, dirisha likitazama ua, kwa hiyo harufu ya kila sufuria ya nyumba ile tuliijua kabla ya mwenye sufuria kuonja chumvi. Tulikuwa na kitanda cha futi nne, stuli mbili, kabati la vyombo lenye kioo kilichopasuka na jamvi ambalo mama yangu alinipa siku ya harusi. Kuta hazikufika juu. Ziliishia mahali, halafu kukawa na uwazi hadi kwenye mabati, na maneno ya jirani yakapita pale juu bila kubisha hodi. Mpaka leo sijui kuzungumza kwa sauti kubwa ndani ya nyumba, na watoto wangu hunicheka kwamba nanong'ona hata nikiomba chumvi.

Salehe alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo. Miezi mitano baada ya harusi alipunguzwa. Hilo ndilo lilikuwa neno la miaka ile, kupunguzwa, na watu walilitamka kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa. Na ajabu ni kwamba mtaani nje vitu vilikuwa vinaongezeka. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni na kufua kwa majani ya mpapai, ghafla tukaona Kariakoo imejaa redio, marashi, viatu vya michezo, blanketi zenye picha ya chui, vikombe visivyovunjika. Kila siku kuna kontena limeshushwa mahali fulani. Mwenzake mmoja wa kiwandani, aliyepunguzwa siku moja naye, alirudi nyumbani akalala kitandani akakataa kuamka. Alilala miezi mitatu, mpaka ndugu zake wakaja kutoka bara wakamchukua akiwa anashikwa mikono kama mgonjwa. Mimi nilikwenda kumwona pamoja na Salehe. Nilikiona kile chumba, godoro lilivyobonyea, mke wake alivyokuwa anamlisha uji kwa kijiko. Tangu siku ile nilikuwa na hofu moja tu, wala sikuificha kwa Mungu: Salehe asije akalala.

Kwa hiyo alipochukua kiinua mgongo chake akarudi na baiskeli, sikusema kitu. Mimi nilitaka cherehani. Yeye alikwenda Mchikichini kununua suruali ya mtumba, akakuta jamaa ameshusha baiskeli kumi na mbili kutoka kwenye kontena, za nchi gani hakuna aliyejua, maandishi yake yalikuwa hayasomeki. Hazikuwa kama zile nyeusi tulizozizoea, ndefu, za breki za chuma. Hii ilikuwa nyekundu, tairi nene zenye vipele, usukani umenyooka, na gia kumi na nane. Alinieleza kwamba huko ilikotoka watu huipandia milimani kwa starehe. "Milimani kwa starehe?" Bi Mwanahawa akauliza kutoka ukumbini, maana mlango ulikuwa wazi. "Wamekosa njia?" Tukacheka wote. Salehe akanipakia kwenye keria aliyoifunga mwenyewe, akanizungusha mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, na kwenye kila kona akabadilisha gia ili nisikie inavyolia, tik, tik. Mpango wake ulikuwa kuchukua samaki soko la Feri alfajiri na kuwapelekea kina mama wanaouza chakula Kariakoo kabla jua halijapanda. Alisema baiskeli nyeusi haiwezi kuwahi, hii itawahi. Alifanya kazi hiyo wiki saba. Nyumba ilinuka samaki, na sijawahi kupenda harufu kama nilivyoipenda ile.

Wiki ya nane baiskeli ikaanza kuteleza. Unakanyaga pedeli inazunguka bure, gurudumu halina habari. Fundi wa pale kona aliifungua akatuonyesha. Nyuma kuna kile kitu kinachoshika mnyororo, chenye meno, wanachokiita friwili. Ndani yake mna vikucha viwili vidogo vya chuma. Ukikanyaga vinauma, ukiacha kukanyaga vinaachia, ndipo baiskeli inapotiririka yenyewe bila miguu kuhangaika. Vikucha vile vilikuwa vimelika hadi vikawa laini kama kucha za mtoto. Fundi akasema ya baiskeli nyeusi haiingii. Hii ina magurudumu sita ya meno yaliyopandiana kama sufuria za seti, na tundu lake la katikati ni kubwa. "Kaka, we tafuta spea. Kariakoo hakikosekani kitu," akamwambia. Akaitoa, akaipangusa mafuta, akampa mkononi.

Kila mtu aliyewahi kununua spea Kariakoo anajua kwamba huendi na maneno, unakwenda na ile mbovu. Mwenye duka hataki umweleze. Anataka umwekee mezani alinganishe. Basi Salehe akaifunga friwili ndani ya gazeti, na gazeti ndani ya leso, akatoka. Alizunguka siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima. Haikupatikana. Ruksa ilikuwa imeleta baiskeli lakini haikuleta vikucha vyake. Mwezi wa kwanza nilikuwa nasubiri kweli. Mwezi wa pili nikaanza kusaga kunde na kukaanga bagia mlangoni, kwa jiko la mkaa la Bi Mwanahawa, na kumbe bagia ndizo zikawa kazi ya nyumba. Lakini Salehe hakulala. Hilo ndilo nililoliangalia. Asubuhi saa mbili alikuwa amekwisha kuoga, amevaa shati lake la kazini ambalo nililipiga pasi kila siku, amechana nywele, ameshika leso yake. Alikuja kula mchana, saa saba kamili, wali na mchicha au ugali na dagaa, akanihadithia: Mtaa fulani wameniambia nirudi Alhamisi; jamaa mmoja wa mtaa wa Gerezani amemwona mtu mwenye baiskeli kama yangu; kuna kontena liko bandarini. Akanywa maji, akatoka tena mpaka saa kumi na moja. Wenye maduka wakamzoea wakampa jina, Bwana Friwili. Alinieleza mwenyewe akicheka, nami nikacheka, na baadaye nikaenda chooni nikalia.

Siku moja jioni nilikuwa nimejilaza, nikasikia majirani zetu wa chumba cha pili, mtu na mkewe, wanaongea, sauti zikipita juu ya ukuta. "Hivi huyu mume wa Zuhura anafanya kazi gani?" mke akauliza. "Anatafuta." "Anatafuta nini?" "Anatafuta tu. Mwache, yule angalau anarudi akiwa amechoka." Salehe alikuwa ameketi kwenye stuli akinoa kisu changu. Aliyasikia kama nilivyoyasikia mimi. Mkono wake haukusimama hata mara moja. Nilitamani kurusha kiatu juu ya ukuta. Badala yake nikamwuliza kama atakula kiporo au nimpashie. Bi Mwanahawa, ambaye hakupitwa na neno katika nyumba yake, aliniita kesho yake uani nikiwa naosha kunde. "Mwanangu, mume ni kumsitiri," akaniambia. "Hata akivua nguo mwenyewe, wewe geuza uso." Nilimwitikia ndiyo bibi, ndiyo bibi. Ndivyo nilivyolelewa, na nilidhani nimeelewa.

Masika yalipoingia Salehe akapata homa. Siku nne hakuinuka. Vidonge vya klorokwini vilimwasha mwili mzima, akawa anajikuna na kuweweseka, na mimi kila nilipomwona amelala chali namna ile nilimkumbuka yule mwenzake kwenye godoro lililobonyea. Lililomtesa zaidi ya homa lilikuwa kukosa kutoka. "Leo Jumatano," alikuwa akisema. "Mzee Ramnik atashangaa." Mzee Ramnik alikuwa Mhindi mwenye duka la vipuri vya baiskeli Mchafukoge, na katika hadithi za mchana jina lake lilitajwa kuliko mengine yote. Siku ya tatu nikaona nimfanyie jambo la mapenzi. Nilimwacha amelala, nikaitoa ile leso mfukoni mwa suruali yake, nikajifunga kanga mbili, nikavuka matope ya Msimbazi kwenda kumtafutia mwenyewe.

Duka lilikuwa jembamba na refu, na linanuka mpira mpya na udi wa vijiti uliokuwa ukiwaka mbele ya picha ya miungu yao iliyovishwa maua. Mzee Ramnik alikuwa mwembamba, fulana nyeupe, miwani imefungwa uzi. Nikampa shikamoo. "Marahaba, mama," akasema, halafu akaitazama leso mkononi mwangu kabla hajanitazama usoni. "We mke wa Salehe. Yuko wapi? Siku tatu sijamwona." Nikamwambia anaumwa homa, nimekuja mimi kuuliza kama ile friwili imepatikana. Alitoka nyuma ya meza, akachungulia nje kama mtu anayetaka mteja aingie amwokoe, na mteja hakuingia. Akarudi, akavuta droo, akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya mafuta, akakiweka mezani kando ya ile ya kwetu. Hata mimi nisiyejua kitu niliona. Sita kwa sita, tundu kwa tundu. Moja inang'aa, moja imelika.

"Imekuja lini?" nikamwuliza.

"Miezi mitatu sasa. Mjomba wangu kaitoa Mombasa." Akaipapasa kwa kidole. "Nikamwambia Salehe, haya, bahati yako. Kaishika, kapima kwa kipimo changu mwenyewe, kaigeuzageuza. Mimi namwona kabisa inaingia. Kaniambia, si yenyewe mzee, hii inacheza. Salehe fundi, mama. Yeye hawezi kukosea kitu kama hiki."

"Kwa nini hukumpa?"

"Nimempa. Nimemwambia chukua bure, mimi hii nitamuuzia nani mwingine? Kasema atapita kesho. Basi kesho kapita, keshokutwa kapita. Kila siku tunakunywa chai hapa, anakula chevda, ananisaidia kupanga spoku. Habari ya friwili hatuongei tena." Alivua miwani akaipangusa. "Watoto wangu wote wamekwenda ng'ambo. Na mimi napenda aje, nakwambia kweli. Unaweza kuichukua sasa hivi. Lakini mama, ukimpelekea hii, kesho asubuhi ataamkia wapi?"

Nimejiuliza swali lile miaka mingi, na sasa nalielewa vizuri kuliko nilivyolielewa nikiwa na miaka ishirini na mbili. Salehe alikuwa amekwisha kwenda Feri bila baiskeli, kimyakimya, akaona kwamba katika miezi ile wenye samaki walikuwa wameanza kukodi magari madogo, na kwamba hakuna anayengoja mtu wa pedeli. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Kama angekuwa na friwili angelazimika kusema kwamba kazi haipo. Bila friwili, kazi ilikuwapo bado, ila imekosa spea. Yule mzee aliliona hilo mapema akamsitiri, tena bila kusomeshwa na Bi Mwanahawa. Mimi siku ile sikuona chochote ila moshi wa mkaa niliouvuta miezi mitatu. Niliona shati nililolipiga pasi kila siku ili mtu akanywe chai. Niliona kwamba nimechekwa. Nikamwambia mzee ahsante, sitaichukua, nikaifunga mbovu yangu kwenye gazeti lake nikatoka.

Na hapa ndipo lilipo kosa langu, nalisema wazi. Ningeichukua ile mpya nikamwekea Salehe mkononi, angejua kwamba nimekwenda kwa Mzee Ramnik na kwamba uongo wake nimeushika. Hilo sikuweza kulifanya. Mke haji na ushahidi dhidi ya mumewe, ndivyo tulivyofunzwa. Lakini kumwacha aendelee pia sikuweza. Basi nikajitafutia njia ya katikati, ya kumwadhibu na kumsitiri kwa pamoja, na nikaiita msaada. Nilirudi nyumbani, nikalitoa gurudumu la nyuma lililokuwa chini ya kitanda, nikalibeba kichwani juu ya ngata mpaka Gerezani kwa mafundi wa kuchomelea.

"Mambo, sista," fundi akaniambia, kijana mwenye miwani nyeusi. Nikamweleza. Akaitikisa friwili, akazungusha, akacheka. "Hii imekufa. Hapa dawa ni moja tu, tunaibana yote kwa moto, inakuwa kitu kimoja na gurudumu. Haichomoki mpaka kiama."

"Itatembea?"

"Itatembea freshi, usikonde. Ila hakuna kupumzika. Gurudumu likienda, pedeli nazo zinaenda. Na huu mkono wa gia mnautoa, cheni mnaifupisha, maana utakatika. Gia inabaki moja."

"Choma," nikasema.

Nakumbuka nilivyogeuza uso mwanga ule ulipowaka, na mlio wake, na kwamba moyoni nilikuwa na raha. Nimeshafanya mabaya mengine maishani, lakini kwa raha ile sijafanya tena. Fundi wa kona aliifunga baiskeli jioni ile ile, akaufupisha mnyororo, akaniwekea mkono wa gia kwenye mfuko wa nailoni kama utumbo wa kuku.

Salehe aliinuka siku ya tano. Alioga, akala uji, akatoka ukumbini akiwa amejishikilia ukutani, akaikuta imesimama. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la bagia. Aliiinua nyuma kwa mkono mmoja, akalisukuma gurudumu kwa mwingine, na pedeli zikaanza kuzunguka zenyewe, hakuna mguu juu yake. Alizitazama mpaka zikasimama. Akapiga goti akakagua pale palipochomelewa. Mtu yule alikuwa anaweza kusikiliza mashine ya kufumia akakwambia msumari gani umelegea, na mimi nilikuwa nimemletea donge la chuma kilichoyeyuka.

"Nani kafanya?"

"Mimi. Nimeipeleka Gerezani. Nilitaka ukipona uikute tayari, uanze kazi."

"Na gia?"

"Fundi kasema imebaki moja, lakini inatembea."

Akainuka, akapangusa goti. "Ahsante, mke wangu," akasema. Hakuwa na kejeli. Ningependa angekuwa nayo.

Kesho yake alivaa shati lake, akapanda baiskeli akaenda Mchafukoge, nadhani kumwonyesha mzee. Hata nusu saa haikufika akawa amerudi. Mzee Ramnik, kwa nia njema kabisa, lazima alimwambia: mkeo alikuja Jumatano, nilimwonyesha. Salehe aliingia chumbani, akanitazama mara moja, si kwa chuki, kwa uchovu tu, kama mtu aliyebeba kitu kizito akaambiwa bado mbali. Akavua shati la kazini, akalikunja, akaliweka chini kabisa ya sanduku. Hapo nikajua kwamba anajua. Naye akajua kwamba najua. Na kwa kuwa sote wawili tulikuwa tumelelewa vizuri, hakuna aliyesema neno.

Yaliyofuata yalikuwa wiki tano. Alikuwa anakwenda Feri kila alfajiri na baiskeli ile, anasimama na wengine, anarudi saa tatu na kapu tupu, au na samaki watatu wa hisani ambao tuliwala wenyewe. Njiani kurudi, penye mteremko, baiskeli ilimkimbiza. Miguu iliyozoea kutulia ilisahau, pedeli zikampiga, na mbele ya miguu yake pakajaa vidonda ambavyo nilivikanda kwa maji ya chumvi kila jioni. Nilikaa kwenye jamvi, mguu wake mapajani mwangu, nikimkanda, na yeye akitazama kwenye mabati. Ilikuwa nafasi ya kusema. Zilikuwa jioni thelathini na zaidi, kila moja nafasi. Jirani zetu walinyamaza kimya upande wa pili, nadhani wakingoja kusikia, na tuliwanyima. Nilimwuliza panauma? Akasema kidogo. Nilimwuliza nipunguze chumvi? Akasema hapana, iko sawa. Mchana hakuwa tena na hadithi. Alikula, akanawa, akaketi ukumbini pamoja na Bi Mwanahawa akimchambulia mchele. Hakulala kitandani hata siku moja. Hofu yangu ile ya tangu mwanzo haikutimia, na nilikuwa mjinga kiasi cha kushukuru.

Alipoondoka ilikuwa mchana, siku isiyo na jina, jua kali baada ya mvua. Nilikuwa na karai la mafuta jikoni, bagia za mkupuo wa kwanza ziko ndani. Akaniita nimshikie baiskeli ajaze upepo. Nikatoka, nikashika usukani kwa mkono wenye unga wa kunde, yeye ameinama nyuma anapiga pampu. Juu ya keria palikuwa na mfuko umefungwa kamba mbili. Haukuwa umefungwa vizuri. Niliona pindo la kikoi chake, na juu ya kikoi lile shati la kazini, limekunjwa. Mtu haendi Feri na kikoi cha kulalia. Niliuona ule mfuko, nikauelewa, wala nisimwongopee mtu kwamba sikuelewa. Alimaliza kujaza, akasimama mbele yangu na pampu mkononi, akangoja. Sasa hivi ninavyoandika ninaona alivyongoja. Ningeweza kumwambia, nilikwenda kwa mzee, nilijua, nilikuchomelea makusudi, nisamehe. Ningeweza kumwambia tu, usiende. Lakini nilikuwa nimechoka kumsitiri mtu, nimechoka vidonda vyake na adabu yake, na kwa dakika ile nilitaka aende. Nikamwambia, "Mafuta yanaungua."

"Haya," akasema. "Nenda basi."

Nikampa baiskeli, nikarudi jikoni. Nilizigeuza kwa wakati, hakuna iliyoungua. Siku ile wateja walikuja wengi, kwa sababu ya jua. Niliuza bagia zote kabla ya adhana ya alasiri, na nakumbuka kwamba nilifurahi.